Nimepigia Vigelegele Uchaguzi wa Watu

Jumapili, Februari. Theluji ya juzi imegeuka tope la kijivu pembeni mwa barabara, na upepo wa leo unapenya hata kwenye soksi mbili. Ni jioni. Nimekaa jikoni kwangu hapa Takoma Park, koti bado mwilini, viatu bado miguuni. Mpishi mzima, sijala kitu tangu chai ya asubuhi.

Niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujitetea. Najijua. Nikilala na jambo hili, kesho nitaamka nimeshalipaka mafuta na kulitafutia mtu mwingine wa kulaumiwa.

Mnaonisoma siku zote mnajua kazi yangu: napika kwenye makazi ya balozi wa nchi moja ya Ulaya. Nchi sitaitaja, maana mkataba wangu una ukurasa mzima unaohusu kufunga mdomo, na leo nimeshaponzwa na mdomo vya kutosha. Balozi mwenyewe ni mwanamke. Humu namwita Mama Balozi. Hakusomea udiplomasia, alikuwa mbunge, mtu wa chama, na waziri mkuu wao alimleta Washington kwa sababu wametoka mbali pamoja. Waziri mkuu akibaki, naye anabaki. Waziri mkuu akiondoka, Mama Balozi anaitwa nyumbani, anakuja mtu wa wale wenye zamu ya kutawala.

Na mimi viza yangu imeshonewa kwenye koti lake. Akifunga mizigo yeye, nafunga na mimi, na viza ya mwanangu Rukia inaning'inia kwenye yangu. Rukia yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Anamaliza Juni. Juni tu, miezi minne. Sijawahi kuutamani mwezi kama ninavyoutamani huo, hata Ramadhani Mungu anisamehe.

Uchaguzi wenyewe haukuwa wa wakati wake. Bajeti ya serikali ilikataliwa bungeni, serikali ikaanguka, bunge likavunjwa, wananchi wakaitwa kupiga kura mapema. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilikuwa namenya vitunguu, nikajibu "pole sana" kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Usiku wake ndipo hesabu ya viza ilipoingia kichwani, nikakaa kitandani wima.

Tangu siku ile nimefuatilia siasa za watu hao kuliko nilivyowahi kufuatilia za kwetu. Najua sura za viongozi wao wote. Kuna mmoja mwenye ndevu, chama chake kidogo, nimemchukia mpaka nikimwona kwenye simu naigeuza kifudifudi.

Sasa naingia kwenye aibu yangu.

Jumatano iliyopita nilipigiwa simu na mwanamke ambaye nitamwita Mama Mapacha. Mumewe ni ofisa kwenye ubalozi mwingine kabisa. Walikuja kula kwa Mama Balozi mwezi uliopita, nikawapikia kuku wa kupaka, na yule mama aliingia hadi jikoni kuniuliza nazi naitoa wapi. Kwenye simu alisema ana mapacha wa miezi minne, anatafuta mtu wa kuwalea mchana na kupika kidogo jioni. Karatasi zangu wangezihamishia kwao kabla mambo hayajaharibika. Rukia angeendelea na shule yake ile ile. Ila alitaka jibu Jumapili, kabla ya saa tisa mchana, kwa sababu kuna mwanamke mwingine naye anasubiri.

Mtu mwenye akili angesema ndiyo hapo hapo, na shukrani juu.

Mimi nikasikia "kupika kidogo." Nikasikia pia kwamba wana sare, aproni yenye picha za sungura, watoto wanazipenda. Miaka mitatu nimekuwa na jiko langu, visu vyangu, oda yangu ya samaki ambayo muuzaji hathubutu kuichezea. Mawaziri wamekula mkono wangu. Leo nibebe nepi nimevaa sungura? Nikamwambia nitafikiri.

Rukia sikumwambia. Nilijisemea sitaki kumtia wasiwasi wakati wa mitihani. Ukweli ni kwamba nilijua angesema kubali, mama, na nilikuwa sitaki kulisikia.

Basi ikaja leo. Mama Balozi alialika watu wake, kama thelathini, raia wenzake wanaoishi huku, waje kusubiri matokeo pamoja. Kura kwao zilikuwa zinafungwa saa mbili usiku, hapa Washington ni saa nane mchana. Nilifika makazini mapema. Nimekaanga sambusa za nyama na za mboga, nimeoka mikate yao ile ya mbegu, nimepanga samaki wao mbichi wa siki ambao mpaka leo siwaelewi. Mikono inafanya kazi, macho kwenye saa ya ukutani. Kila dakika naangalia simu kama nayo inapika.

Nimechoma trei moja ya mikate. Sijachoma mkate tangu nikiwa msichana.

Dereva wetu, Papa Dédé, alinisimikia kompyuta kibao juu ya rafu ya viungo ili na mimi nione. Papa Dédé ni Mkongo wa Lubumbashi, ana karatasi zake za kudumu, ameshaendesha mabalozi wanne na ataendesha wa tano. Kwake uchaguzi ni mpira. Akatoka kwenda kupokea wageni wa mwisho, nikabaki peke yangu na sambusa.

Saa nane kamili yakaja makisio ya kwanza, picha ikabadilika. Zikapanda nguzo za rangi, moja moja. Lugha siijui, lakini rangi naijua: chama cha Mama Balozi ni kijani. Kijani ikapanda. Ikapanda tena, ikazipita zote, ikasimama juu peke yake, na nyingine zote ziko chini yake. Namba moja!

Nikapiga vigelegele.

Si vya kificho. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye harusi za Chumbageni, na nikipiga kigelegele mtu wa mtaa wa pili anauliza nani kaolewa. Nilipiga cha kwanza, pumzi ikanirudia, nikapiga cha pili, na cha tatu nikakimalizia na mwiko juu ya sufuria. Machozi yananitoka. Juni! Nilikuwa naiona Juni yangu hiyo hapo kwenye kioo, ya kijani.

Nikachukua simu mikono ina unga. Kwanza nikamrekodia dada yangu kule Tanga: tumeshinda, dada, tumeshinda, waambie wote. Halafu nikamwandikia Mama Mapacha. Ujumbe bado ninao hapa na nimeshausoma mara kumi, kwa hiyo sina haja ya kuubuni. Nilimwambia asante kwa kunifikiria, lakini nabaki nilipo. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Nikaongeza: "Mimi ni mpishi, si yaya. Natumaini utampata wa kukufaa."

Nikabonyeza. Nilijisikia mrefu kama ile nguzo.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Bibi yangu aliisema hiyo kila wiki, na mimi kila wiki niliitikia ndiyo bibi.

Nikabeba sinia, nikajitengeneza ushungi, nikaingia sebuleni na tabasamu lote la meno. Nilitegemea vicheko, glasi zigongane, watu wakumbatiane. Nikakuta kimya. Watu thelathini wamesimama mbele ya televisheni kubwa. Mwanamke mmoja wa makamo kaweka kiganja mdomoni. Mama Balozi alikuwa katikati, kasimama wima, kashika mkono wa kiti. Kisha wakageuka kunitazama, wote, na ndipo nikajua kwamba vigelegele vyangu vilikuwa vimefika mpaka humo ndani.

Kwetu mtu akifanya hivyo msibani, anasemwa mpaka kaburini kwake.

Sijui nilivyotoka. Najua sinia lilirudi limejaa. Papa Dédé alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Maman Rukia, ngoja kwanza," akasema. "Beko ba kwanza, ni kweli. Lakini majorité habana."

Yaani wao ni wa kwanza, lakini nusu ya viti vya bunge hawakuifikisha. Nikamwambia sielewi. Nimeona kwa macho yangu, wao ndio wenye kura nyingi. Kwetu mwenye kura nyingi kashinda, hata akiwa na moja ya ziada, tunabeba viti tunaenda nyumbani. Papa Dédé hakubishana. Alichukua sambusa kwenye sinia, akazipanga mezani mafungu manne. Fungu moja kubwa, akasema hawa ndio ba Mama Balozi. Mafungu matatu madogo, hawa ni wapinzani. Kubwa ni lipi? Nikamwonyesha. Ndipo akanyoosha mkono, akayasukuma yale matatu yakawa moja.

Lilikuwa kubwa kuliko letu. Kubwa sana.

"Bale batatu baliapa kitambo, na yule Premier, waziri mkuu, habatakaa meza moja. Sasa banajiunga, serikali ni yabo," akasema, halafu akala sambusa moja ya fungu letu, taratibu, kwa huzuni, lakini akaila.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema, miezi yote hii ninayofuatilia. Akasema alidhani najua. Kila mtu alidhani najua. Watu wote kwenye nyumba ile walijua tangu wiki mbili nyuma kwamba chama kitakuwa cha kwanza na serikali kitaikosa. Walikuwa wanasubiri muujiza tu, na muujiza ulitaka nguzo ndefu kuliko ile. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasubiri ushindi.

Niliangalia saa. Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli zaidi, kwa sababu mtu akinisoma atadhani nilikosea hesabu tu. Hesabu nilikosea, sawa. Lakini dakika kumi na mbili zilikuwepo. Ningeweza kumpigia Mama Mapacha pale pale na kumwambia samahani, nimekurupuka. Simu ilikuwa mkononi. Nikaiangalia ile sentensi yangu, mimi ni mpishi si yaya, nikaona haya. Nikajiambia ngoja, labda kura zikihesabiwa zote mambo yatageuka. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Saa tisa ikapita mikono ikiwa ndani ya maji.

Sikumkatalia Mama Mapacha kwa sababu ya uaminifu wangu kwa Mama Balozi, na sikunyamaza kwa matumaini. Vyote viwili vilikuwa kiburi.

Kura zilipokaribia kwisha kuhesabiwa, hakuna kilichogeuka. Yule mwenye ndevu alitokea kwenye kioo na wenzake wawili, wakashikana mikono juu, watu wao wakashangilia. Baadaye akatokea waziri mkuu, akasema maneno mafupi. Sebuleni wageni walianza kuvaa makoti. Waliondoka wakikumbatiana kwa muda mrefu, wengine wakaja mpaka mlango wa jikoni kunishukuru kwa chakula ambacho hawakukila. Hakuna aliyetaja vigelegele. Ningependa mmoja angenikaripia.

Mama Balozi alikuja wa mwisho. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi, akaniomba chai ya tangawizi. Nilimwekea. Aliuliza ile sauti ilikuwa nini. Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo mwanamke anavyompongeza mwenzake, nikamwomba radhi, nikasema nilidhani umeshinda. Akacheka. Kicheko kilianza vizuri kikaishia pabaya, akajifuta macho kwa kitambaa changu cha vyombo, chenye harufu ya kitunguu, ikabidi ajifute tena.

Halafu akaniuliza Rukia anamaliza lini shule. Nikamwambia Juni.

"Sina mpaka Juni," akasema.

Alikadiria amebakiza wiki sita, nane wakimwonea huruma. Serikali mpya itataka mtu wake hapa haraka. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia bei ya samaki.

Kisha akasema jambo ambalo bado linanichoma. Aliniuliza kama yule mama mwenye mapacha alinipigia. Kumbe ni yeye aliyempa namba yangu. Alijua tangu zamani mambo yanaelekea wapi, akaenda kunitafutia mahali kimya kimya, akamsifia upishi wangu, akamsifia tabia yangu. Hakutaka kuniambia mwenyewe ili nisijione nafukuzwa. Alikuwa ananitazama usoni, amechoka, amepoteza nchi nzima siku hiyo moja, na bado anasubiri nimpe habari njema moja ndogo.

Nikasema ndiyo, alinipigia.

Akasema Mungu mkubwa, angalau hilo limekwenda sawa. Akanishika bega, akaondoka pekupeku, viatu mkononi. Na mimi nikamwacha aende na uongo wangu.

Kwenye treni sikukaa, ingawa viti vilikuwa tupu. Nilisimama mlangoni natunga maneno. Dada yangu kule Tanga alikuwa ameshanirudishia salamu, anasema mtaa mzima umefurahi, kuna jirani ameuliza kama balozi anaweza kumsaidia kijana wake viza. Sikujibu.

Nilimkuta Rukia hapa hapa mezani, vitabu vimetapakaa, vipokea sauti masikioni. Akavivua. Akasema, "So? Tumeshinda?"

Mwanangu anasikia Kiswahili chote ila anajibu anavyotaka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kijani, sambusa, wiki sita. Hayo aliyapokea kama mtu mzima, akakunja uso tu. Kisha nikamwambia kuhusu Mama Mapacha, simu ya Jumatano, na ujumbe wa leo. Akaniomba simu. Akausoma ujumbe. Akausoma tena.

Nilitegemea alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimeshapanga pa kumshika. Hakulia. Aliweka simu mezani polepole.

"Since Wednesday?" akasema. "Ulijua since Wednesday? So ulivote for both of us, Mama. Hukuniuliza hata."

Nikaanza kusema mimi ni mzazi, mimi ndiye ninayejua. Macho yakaangukia vitabu vyake. Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu hapa ndiye wa kwangu, kakaa mbele ya vitabu vya shule ambayo huenda asiimalize kwa sababu mama yake kachukia aproni.

Nikakaa. Nikamwambia, haya, mwanangu, nakuuliza sasa. Tufanye nini?

Hakufikiri hata. "Mpigie. Usitext. Mpigie, put her on speaker, mimi nikiwa hapa."

Watu wa siasa kwetu wakirudia walichokikana husemwa wamelamba matapishi yao. Nimewacheka wengi. Leo nilipiga simu, ikaita mara tano, na kila mlio nilitamani asipokee. Akapokea. Nyuma mtoto mmoja alikuwa analia, kisha na wa pili akaanza, ikabidi niseme kwa sauti ya juu, hakukuwa na namna ya kunong'ona. Nilisema nimekosea. Nilisema nilichoandika kilikuwa cha jeuri na si kweli, maana nimelea wadogo zangu watano kabla sijajua kukaanga yai. Nilisema nitavaa chochote. Rukia alikuwa ananitazama midomo, hapepesi macho.

Mama Mapacha alimbembeleza mmoja kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Akasema saa tisa ilipopita alimpigia yule mwingine. Hajampa kazi bado, lakini atakuja Jumanne kukaa na watoto asubuhi nzima ili waone. Kama nataka, nije mchana wa siku hiyo hiyo. Wataamua yeye na mumewe, hawezi kuahidi kitu. Akasema hivyo, hawezi kuahidi, mara mbili. Nikamwambia asante mara nne.

Simu ilipokatika, Rukia aliniletea maji. Ni yeye aliyekumbuka kwamba sijanywa kitu.

Tungeishia hapo ingekuwa jioni nzuri kiasi. Lakini mimi, nikishafungua mlango, lazima niufungue mpaka mwisho. Na nilitaka kumwonyesha kwamba nimeelewa, kwamba kuanzia leo nitamuuliza. Nikasema: na Jumanne ikikataa, mwanangu? Tukikosa? Wewe unataka nini?

Niseme ukweli, nilijua jibu. Nilikuwa nimeshaliandaa moyoni: tutarudi wote, mama, popote ulipo wewe. Nilikuwa nasubiri kulisikia kama nilivyosubiri saa nane.

Rukia alikunja ukurasa wa kitabu chake, akaukunjua. Akasema kwa Kiswahili kitupu, ambacho hakitumii na mimi isipokuwa akiwa mgonjwa.

"Ukirudi wewe, mimi nabaki. Nitakaa kwa Mama Zubeda kule Laurel mpaka nimalize."

Mama Zubeda ni rafiki yangu wa msikitini, ana chumba, angempokea bila kuuliza. Kwa hiyo si wazo la leo. Amelifikiria, pengine ameshaongea naye. Nikamwambia haiwezekani, viza yako iko kwenye yangu, ukibaki bila karatasi unajifungia milango ya maisha yako yote. Nikamwambia una miaka kumi na saba. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "I know, Mama. Lakini umeniuliza."

Akakusanya vitabu vyake akaenda chumbani. Hakubamiza mlango. Nilisikia kitasa kikirudi polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

Ni saa nzima sasa. Taa ya chumbani kwake bado inaonekana chini ya mlango. Nikisimama ni hatua sita. Naweza kwenda kusema basi, nimebatilisha, mimi ni mama yako na nimeamua. Nina haki hiyo, na kisheria nadhani niko sahihi. Lakini leo nimemwona Mama Balozi akisimama wima mbele ya watu thelathini wakati nchi yake inamwambia hapana, na hakuzima televisheni.

Mwanangu amepiga kura yake ya kwanza, na hakunipa mimi. Je, nitaweza kuisikia bila kumwambia arudie?